Mbwa Atakayenikuta Hai

6 Machi
Mvua imeanza leo mchana, na leo hii hii nyumba yetu imepata wazimu.

Nitaeleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea kazini. Miaka yangu yote nilipima maji ya mji: maabara, chupa, darubini, kisha kuandika matokeo bila kuyapamba. Sasa mapafu yamechoka. Daktari wa kifua aliniambia nisipange mambo ya mbali, nami nikamshukuru kwa kutonizungusha. Nadhani hizi ndizo mvua zangu za mwisho. Kwa hiyo nitaandika ukweli, hata ule unaonivua nguo.

Jioni, mezani, mwanangu alisafisha koo. Yeye ni fundi wa lifti. Haogopi kuning'inia kwenye kamba ya chuma juu ya ghorofa kumi na mbili, ila mimi ananiogopa.

"Mama, tunafikiria kuchukua mbwa."

"Wa kulinda?"

"Wa kukaa naye. Humu ndani."

Kijiko kiliniponyoka. Mbwa, ndani, katika nyumba yenye mgonjwa wa kifua! Nikamgeukia mkwe wangu, maana huyu namjua ana akili timamu. Ana saluni yake mwenyewe na hakubali upuuzi wa mtu.

"Si mbwa yeyote, Mama," akasema. "Ni chotara. Mama yake ni wa zile nywele za kipilipili, zisizopukutika. Baba yake ni mbwa mkubwa mpole. Manyoya yao hayamwagiki ovyo. Tumesoma, tumeuliza, mpaka daktari wako tumemwuliza."

"Mmekwenda kwa daktari wangu kuuliza habari za mbwa?"

"Tulikwenda kuuliza habari zako. Mbwa akaingia katikati."

Mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa ananitazama bila kupepesa. Namwita Mke Mwenza, naye ananiita hivyo hivyo, kwa sababu anadai marehemu mume wangu angemuoa yeye na kuniacha mimi jikoni. Kwa kawaida hanyamazi. Leo hakusema neno. Mtoto yule akinyamaza, ujue anapima.

9 Machi
Mvua. Nimekohoa. Mbwa anajadiliwa kama posa.

12 Machi
Nimejiuliza kwa nini sitaki, na jibu limenishtua.

Si mapafu. Mbwa wa jirani wa zamani alikuwa akinilalia miguuni miaka mitatu iliyopita, na sikuwahi kudhurika. Ni hivi: Mke Mwenza akirudi shule huja chumbani kwangu kabla hata hajavua soksi. Anapanda kitandani upande wa miguu na kunimwagia siku nzima, nani kapigana na nani, mwalimu wa hesabu kakosea wapi. Mpaka wazazi wake warudi, ni mimi na yeye. Huo ndio mchana wangu. Saa nyingine zote ni kusubiri huo.

Mbwa atampokea mlangoni. Mtoto gani atampita mbwa anayetikisa mkia, aje kumsikiliza kikongwe anayepiga miluzi kifuani?

Nina miaka themanini na moja na shahada mbili, na ninamwonea wivu mbwa ambaye hajanunuliwa.

16 Machi
Leo tulikwenda kwa mfugaji. Mimi nilipelekwa kama kipimo: mbwa atakayenikohoza, hachukuliwi. Daktari ndiye aliyewashauri hivyo. Aliwaambia hakuna mbwa asiyetoa manyoya kabisa, na hata asiyepukutika bado ana mate na magamba ya ngozi, kwa hiyo mgonjwa akae naye kwanza, tena kwa muda.

Mfugaji ni mwanamke mpana mwenye mabuti ya mpira na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alitufungulia chumba cha sakafu ya saruji, bado mbichi kwa kudekiwa. Nilitarajia watoto wa mbwa wanaofanana kama mayai. Sikuamini macho yangu. Mmoja nywele laini zimelala chapa, wawili mawimbi, mmoja vishungi, na mmoja kama zulia lililokanyagwa.

"Hawa ni tumbo moja?" nikauliza.

"Tumbo moja, baba mmoja, Mama. Chotara ni kama kutia mkono kwenye gunia. Anayekwambia chotara wote hawamwagi manyoya, huyo anataka kukuuzia."

"Na wewe hutaki kuniuzia?"

"Nataka, lakini sitaki unirudishie." Akamwinua wa mawimbi. "Tazameni usoni. Huyu ana ndevu na nyusi. Mwenye ndevu kwa kawaida hapukutiki sana. Yule mwenye uso laini kama wa baba yake, huyo kochi lenu litaota manyoya. Na hata huyu mwenye ndevu siwaapii. Manyoya ya utoto yakitoka ndipo mtajua."

Mkwe wangu hakumwacha aendelee. Alipiga magoti, akagawanya manyoya ya mgongoni kwa vidole, akatazama mashina yake kama anavyomtazama mteja aliyeunguzwa na dawa.

"Huyu asipochanwa kila siku atafunga mafundo," akasema. "Na kukatwa kila baada ya wiki chache. Nimejipatia kichwa kingine cha bure."

"Kichwa?" mume wake akasema. "Mwili mzima, mke wangu, na mkia juu yake."

Wakaniwekea mwenye ndevu mapajani. Alizunguka mara moja, akaangusha pua kwenye kiwiko changu, akalala. Nikasubiri kifua kibane. Hakikubana. Kilikuwa shwari kuliko siku nyingi zilizopita, na utulivu huo ndio ulionitisha. Mke Mwenza alikuwa amechuchumaa mbele yetu, macho yake yote kwa mbwa. Kwangu hayakufika.

Nikatoa leso. Nilikuwa nimefunga pilipili manga pembeni kabla hatujatoka nyumbani. Naandika tena: kabla hatujatoka nyumbani.

Nilipiga chafya mpaka miwani ikaanguka. Mwanangu alimnyakua yule kiumbe kama moto, mkwe akanifungulia shingo ya gauni, mfugaji akakimbilia maji. Kwa kweli nilipigwa na butwaa, si kwa chafya, bali kwa jinsi nilivyodanganya kwa wepesi. Mimi niliyewahi kumfukuza kazi kijana wa maabara kwa kubuni matokeo!

Garini nikasikia kutoka kiti cha nyuma: "Sampuli moja haitoshi."

"Umesemaje, Mke Mwenza?"

"Nasema mvua inanyesha, Bibi."

19 Machi
Mvua mchana kutwa. Mfugaji amekubali tumchukue yule mwenye ndevu kwa majaribio, Jumamosi na Jumapili. Wameshampa jina, Ndevu. Nani humpa jina mgeni wa siku mbili?

24 Machi
Nimefanya tena. Safari hii sikuhitaji pilipili sana. Nilijua jinsi ya kuvuta pumzi ikwaruze. Mkwe wangu alinivutisha dawa kwa haraka hata kichupa kikagonga meno yangu. Mwanangu alimrudisha Ndevu kwenye mvua, amemfunika na koti lake mwenyewe.

Mke Mwenza hakulia. Nilijiandaa kwa machozi yake, nikawa na maneno tayari. Aliniuliza tu: "Bibi, ilichukua muda gani tangu umguse mpaka ukapiga chafya?"

Nikamwambia sikumbuki.

26 Machi
Mtoto amebadilisha foronya yangu mwenyewe, bila kutumwa. Ana moyo mzuri.

28 Machi
Nimelala vyema. Hewa baada ya mvua ni safi.

31 Machi
Nikiwa bado na nguvu ya kushika kalamu, niandike hili lilivyotokea.

Alikuja leo mchana akafunga mlango. Hakupanda kitandani.

"Bibi, unalalaje siku hizi?"

"Vizuri, mke mwenzangu."

"Kikohozi?"

"Kimepungua."

"Foronya hiyo ni ya Ndevu."

Sikuelewa. Akarudia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Siku zile mbili za majaribio alimtandikia mbwa foronya yangu, Ndevu akalala juu yake, akaitafuna pembeni, akaitemea mate. Kisha mtoto akaikung'uta kidogo tu na kuuvisha mto wangu. Nimeulalia uso tangu tarehe ishirini na sita, na nimepumua kama kijana.

"Ungeweza kuniua!"

"Usiku wa kwanza nilikesha na dawa yako ya kuvuta mfukoni. Na kila asubuhi kabla ya shule nilisimama mlangoni nikasikiliza. Ungekoroma tofauti kidogo tu, ningeitoa."

"Umenifanyia jaribio bila idhini yangu!"

"Na wewe ulitufanyia chafya bila idhini yetu."

Mimi ndiye niliyemfundisha, kwenye kitanda hiki hiki, kwamba ukitaka kujua maji machafu yana nini, lazima uwe na chupa nyingine ambayo mpimaji mwenyewe haijui.

"Nani anajua?" nikauliza hatimaye.

"Mimi na wewe." Akaangalia vidole vyake. "Sitasema. Ila nataka kujua, kwa nini?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Sikuweza kulijibu. Akatoka, akavuta mlango taratibu usigonge, na utaratibu ule uliniumiza kuliko angeubamiza.

1 Aprili
Hakuja.

2 Aprili
Alikuja, akasimama mlangoni. "Shikamoo, Bibi." Basi. Miaka yote amekuwa akiingia kwangu na matusi ya utani, leo ananipa shikamoo kama mgeni. Nikaitikia "Marahaba", akaenda zake.

Mvua haikatiki.

3 Aprili
Mkwe wangu alifunga saluni mapema akaja kunisuka. Hunisuka mistari mikubwa, ili kichwa kisiniume nikilala. Alikuwa amefika katikati niliposema, kwa sauti ya mtu asiyejali:

"Mnahangaika bure na machotara. Siku zangu zimebaki chache. Mngengoja tu niondoke, mkaokota hata mbwa wa jalalani."

Chanuo likasimama.

"Tungetaka kungoja, Mama, tungengoja. Mbwa wa bure wamejaa mitaani. Unadhani mimi napenda kutafuta mwenye ndevu na asiye na ndevu?"

"Sasa haraka ya nini?"

Akasema, akiwa bado nyuma yangu ili nisimwone uso: "Ni mtoto. Tulimweleza maneno ya daktari, tuliona asidanganywe. Akakaa siku mbili, akaja akasema, Babu mimi sikumkuta. Mkimsimulia mnacheka nyote, mimi nacheka kwa adabu tu. Akasema anataka mbwa atakayemkuta Bibi. Ili siku akimkumbuka Bibi, awe na mwenziwe aliyemjua, asiwe peke yake na watu wazima."

Chanuo lilikuwa bado limesimama kichwani kwangu kama mti uliosahauliwa shambani. Wiki tatu nimempiga vita mbwa aliyetafutwa ili anifahamu. Na kila siku niliyomzuia, ni siku niliyomnyang'anya mtoto.

"Mbwa hanidhuru," nikasema.

"Nani?"

"Ndevu. Mbwa yeyote. Ile chafya ilikuwa pilipili manga."

"Mama!"

Alizunguka mbele akaketi sakafuni, palepale kwenye nywele zilizodondoka. Kwanza alicheka, cheko la mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Halafu uso ukabadilika.

"Na siku ile ya pili? Nilipokuvutisha dawa? Nilidhani unanifia mikononi."

"Ile pia."

Aliinuka akamalizia kichwa, akivuta kila uzi kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Sikulalamika. Nilistahili kusukwa hivyo mpaka kisogoni.

Jioni niliyarudia yote mbele ya mwanangu. Mwanangu hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alichukua simu akampigia mfugaji. Nilimwona bega likishuka.

"Ndevu kachukuliwa. Daktari wa meno anakuja kumchukua Jumamosi. Aliyebaki ni yule mwenye uso laini."

"Basi huyo," nikasema.

"Yule wa kumwaga manyoya? Mama, umedanganya chafya, mapafu hukuyadanganya. Sileti."

Ana haki. Foronya ilipima mbwa mmoja, haikupima mbwa wote.

4 Aprili
Nilimwomba mfugaji namba ya daktari wa meno nikampigia mwenyewe. Mke Mwenza alikuwa amesimama mlangoni. Sikumfukuza. Nilitaka asikie.

"Daktari, mimi ni yule bibi aliyemrudisha mbwa wako."

"Ah, mwenye mzio. Pole sana, Mama."

"Sina mzio. Nilinusa pilipili nikapiga chafya kwa makusudi, mara mbili, kwa sababu nilimwonea wivu."

Nikaendelea, nikamweleza mtoto anataka nini, na kwamba mimi siwezi kungoja uzao mwingine. Hilo nililisema kama ninavyosoma matokeo, namba tupu, maana ningeongeza neno moja ningeshindwa.

"Mama," akasema, "nimeng'oa meno miaka ishirini, watu wamenidanganya kila uongo uliopo duniani kukwepa kiti changu. Huu sijawahi kuusikia." Akaanza kucheka, akashindwa kujizuia. "Mchukue. Wanangu wana bibi wa miaka sitini na mbili anayecheza netiboli. Sisi tunaweza kungoja."

Nilipoweka simu chini, Mke Mwenza alikuwa ameshafika kitandani, upande wa miguu.

"Kwa hiyo ni wivu?"

"Niliogopa utampenda kuliko mimi."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Bibi. Yule ni mbwa."

"Najua ni mbwa."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo aibu yenyewe."

Akafikiri. Kisha akasema: "Mume wetu angekuacha kweli," akanivuta kidole cha mguu, nami nikakohoa kwa kucheka, kikohozi halali.

6 Aprili
Ndevu amefika. Amekojoa kwenye kiatu cha mwanangu. Mvua.

11 Aprili
Mkwe kapangusa zulia langu kwa kitambaa cheupe akanionyesha: nywele tatu, na mbili kati yake zangu.

19 Aprili
Jambo limetokea ambalo sikulitarajia hata kidogo. Mbwa amenichagua mimi. Nadhani ni kwa sababu mimi nipo siku nzima. Analala ubavuni mwangu, ananifuata hadi chooni, anakaa nje ya mlango akinilalamikia. Leo mtoto aliporudi shule aliita "Ndevu! Ndevu!" kutoka sebuleni. Mbwa aliinua sikio moja, akalirudisha.

Mke Mwenza akaja akasimama, mkoba bado mgongoni. Niliuona ule uso. Niliujua, kwa sababu niliuvaa mimi mwenyewe tangu mvua zianze. Akajitahidi kucheka. "Umenipora, mke mwenza."

Mwezi mmoja uliopita ningefurahi. Nilishtuka jinsi nilivyoumia.

22 Aprili
Nimeanza kumfundisha. Mtoto akifika, namwambia Ndevu "Nenda", namsukuma kwa goti. Hataki. Namsukuma tena. Kazi hii inanimaliza pumzi kuliko ngazi.

29 Aprili
Alikwenda mpaka mlangoni mwa chumba, akageuka kunitazama. Nikajifanya nimelala.

8 Mei
Siku mbaya. Daktari alikuja nyumbani. Ni mapafu yenyewe, mbwa hana hatia, daktari amemsikiliza hata yeye kifua kwa ajili ya kumfurahisha mtoto. Nimewaambia wote: likitokea, asilaumiwe mbwa. Mwanangu aliitikia huku ameangalia dirishani.

15 Mei
Mvua zinapungua. Siandiki sana. "Nenda", na anakwenda.

23 Mei
Jua leo, la kwanza kamili. Ndevu alikuwa amelala mkononi mwangu, mkono umekufa ganzi na mimi sikutaka kuuondoa. Mtoto hajaita hata, alikuwa bado nje, mbwa akainuka. Sikumwambia. Nilikuwa sijafumbua mdomo. Aliruka chini akakimbia, kucha zikigonga sakafu, nikasikia kelele, mkoba ukitupwa, na Mke Mwenza akimpigia makofi. Walizunguka uani. Hawakuja kwangu. Walikaa huko, wanacheka, mtoto anamsimulia yeye siku nzima, nani kapigana na nani.

Nilingoja wivu uje. Nilijiandaa kwa ajili yake, nikashika shuka.

Nikangoja. Hata jua lilipohama ukutani, nilikuwa bado nangoja, na nilichosikia ni wao wawili tu.